Spika ya kiunoni: nimefundisha nayo muhula mzima

Nimeinunua Kariakoo, mtaa wa Aggrey, shilingi 38,000. Bei ilianzia 55,000. Unaifunga kiunoni kwa mkanda, maiki inakaa mbele ya mdomo. Muuzaji alidhani nahubiri stendi. Nilipomwambia ni mwalimu wa shule ya msingi akanitazama, akapunguza elfu mbili nyingine bila kuombwa.

Kilichonipeleka ni koo. Tangu elimu bila ada ianze 2016 madarasa yamefurika. Darasa la Nne langu mwaka huu lina watoto 113, dawati moja wanne. Nimekuwa nikifundisha kwa kupayuka. Februari, katikati ya kugawanya kwa njia ndefu, sauti ikakatika, ikabaki hewa tupu. Daktari akasema nyuzi za sauti zimeota vinundu. Nipumzishe koo, ninywe maji, hata kunong'ona akakataza. Natimiza 55 mwezi wa nane, basi jioni ile nikaanza kuandika barua ya kustaafu kwa hiari.

Siku ya kwanza nimeivaa, darasa zima: "Dawa ya mende! Kunguni! Panya!" Nikacheka nao, ningefanyaje.

Sasa ubora. Chaji inashika vipindi vinne, cha tano inaanza kukoroma. Ukisogelea ukuta inapiga mluzi wa kutoboa masikio. Mvua ikipiga bati, haisaidii kitu. Na aliyebuni kitufe cha redio akakiweka ubavuni mwa kitufe cha sauti hajawahi kusimama mbele ya watoto: nilitaka kuongeza sauti, ikatangaza mpira. Simba walikuwa wanacheza. Kipindi kikaishia hapo.

Pamoja na hayo naipa nyota nne, na sababu yenyewe iko dawati la mwisho, upande wa dirishani. Kuna binti pale hakuwahi kunyoosha kidole tangu Januari. Wiki ya pili nikiwa na spika nilipita kusahihisha madaftari, akaniuliza taratibu, "Mwalimu, siku hizi hujakasirika?" Nikamwambia sijawahi kukasirika, nilikuwa napaza sauti wasikie wa nyuma. Akafikiri, akasema, "Sisi huku tulijua unatugombeza." Kisha akanionyesha kwenye daftari pale anapokwama: habebi baki. Kosa dogo, la dakika mbili. Alikuwa nalo tangu Darasa la Tatu.

Sponji ya maiki ilichakaa ndani ya mwezi mmoja, nimekata kipande cha ile ya kuoshea vyombo, inatosha. Mkanda ni mfupi kwa sisi wenye miili, ongezeni kamba. Barua iko kwenye droo, haina tarehe.

Mwenzangu wa Darasa la Pili ameanza kuiazima kila Ijumaa, anarudisha chaji imekwisha. Nimemwelekeza duka.