Grateful Dead, Cornell 5/8/77: uzoefu wangu na CD tatu za usiku mmoja

Kwa anayetaka jibu la haraka kama anunue au aache: nunua. Mtu akiniuliza Grateful Dead, bendi ya roki ya Marekani, ni akina nani, seti hii ndiyo nitakayompa kwanza, kabla ya albamu yoyote waliyorekodi studio. Nasema hivyo nikijua kwamba American Beauty ya mwaka 1970 ni albamu nzuri sana na ninaipenda. Lakini albamu ile inakuonyesha watunzi wa nyimbo. Bendi yenyewe iko hapa.

Tarehe ya kwenye jalada imeandikwa Kimarekani, mwezi kwanza, kwa hiyo ni Mei 8, 1977. Mahali ni Barton Hall, ukumbi mkubwa wa Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca, jimbo la New York. Nje theluji ilianguka usiku huo ingawa ulikuwa mwezi wa Mei.

Bendi ilianza mwaka 1965 huko Palo Alto, California, ikadumu miaka 30 hadi kiongozi wake, Jerry Garcia, alipofariki Agosti 9, 1995. Katika muda huo walipiga maonyesho zaidi ya 2,300, na bado ni wimbo wao mmoja tu ulioingia kumi bora za Marekani, nao ulikuja mwaka 1987. Ukiwapima kwa redio utawapunja. Hawa walikuwa watu wa jukwaani: orodha ya nyimbo ilibadilika kila usiku, na wimbo uliochukua dakika nane leo ungeweza kuchukua ishirini kesho. Ndiyo maana mashabiki waliruhusiwa kuingia na rekoda zao, na kuanzia mwaka 1984 wakatengewa sehemu yao rasmi ukumbini. Kanda zilibadilishwana bure, mkono kwa mkono na kwa posta. Kuziuza ilikuwa mwiko.

Kanda ya Cornell, hata hivyo, haikurekodiwa na shabiki. Ilirekodiwa na Betty Cantor-Jackson, fundi sauti wa bendi, mwanamke katika kazi ambayo wakati huo ilikuwa karibu yote ya wanaume. Nataka jina lake lijulikane, kwa sababu nusu ya raha ninayoipata kwenye CD hizi ni kazi ya mikono yake. Kila chombo kina nafasi yake. Gitaa la Garcia liko upande mmoja, la Bob Weir upande wa pili, piano ya Keith Godchaux inapita katikati, na besi ya Phil Lesh unaisikia kila noti ilivyokatwa. Miaka baadaye Betty alishindwa kulipia chumba alichohifadhia kanda zake, na mwaka 1986 zikapigwa mnada. Zilitapakaa kwa watu, nakala zikasambaa, na sifa ya usiku huu ikakua hadi Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiingiza rekodi hii kwenye orodha yake ya sauti za taifa za kuhifadhiwa. Toleo rasmi, hili ninaloliandikia, lilitoka Mei 2017, miaka 40 kamili baada ya onyesho.

Sasa muziki. Mimi nimekulia kwenye dansi, kwa hiyo wimbo mrefu haunitishi. Anayejua raha ya gitaa la solo, la rithimu na besi vikijibizana baada ya mwimbaji kunyamaza, atajiona nyumbani hapa. Tofauti ni kwamba kwenye dansi tunajua chemko, ile sehemu ya kuchangamka, linakuja na tunalisubiri. Grateful Dead wanaingia kwenye sehemu ya ala bila kukubaliana watatokea wapi, na unawasikia wakisikilizana.

Sehemu ya kwanza ya onyesho ni nyimbo fupifupi, mbili kati yake za kantri za wasanii wengine, na inapita vizuri bila kukushika shati. Row Jimmy ni ya polepole mno na najua wengi wataiacha njiani. Mimi naipenda kwa jinsi Garcia anavyoteleza kwenye nyuzi. Inayofunga sehemu hiyo, Dancing in the Street, wameigeuza karibu disko na wanaipeleka zaidi ya dakika 15. Hapo ndipo unaanza kusikia kwamba usiku huu wako vizuri. Miezi ile walikuwa wametoka studio na prodyuza Keith Olsen, aliyewasukuma wafanye mazoezi ya kweli, na matokeo yake yanasikika: wapiga drams wawili, Bill Kreutzmann na Mickey Hart, wanapiga kama mtu mmoja.

Lakini sababu ya kununua ni sehemu ya pili. Inafunguka kwa Scarlet Begonias kuungana na Fire on the Mountain, dakika kama 26 bila kusimama. Sikiliza dakika za mwisho za Scarlet. Maneno yamekwisha, Donna Jean Godchaux anaimba sauti tupu zisizo na maneno, gitaa linazungukazunguka, na hakuna aliyetangaza lolote. Kisha besi ya Lesh inaanza kukaa kwenye mdundo mwingine. Drams zinamfuata. Kwa muda nyimbo mbili zinaishi pamoja, mguu mmoja huku na mwingine kule, mpaka unatambua kwamba ya kwanza imeshaondoka. Fire on the Mountain ina kodi (chords) mbili tu za muziki, mwanzo hadi mwisho. Juu ya kodi hizo mbili Garcia anajenga solo tatu, kila moja ikipanda kuliko iliyotangulia, na hairudii kauli hata mara moja.

Baadaye kuna Estimated Prophet ya Weir, inayokwenda kwa mapigo saba badala ya manne. Jaribu kuipigia makofi uone mkono unavyopotea. Halafu safu ya nyimbo zinazopokezana hadi Morning Dew, wimbo wa zamani wa Bonnie Dobson wa Kanada kuhusu watu waliobaki baada ya vita vya nyuklia. Garcia anauimba kwa sauti ya chini, karibu ya kuugua. Mwishoni anaacha kudonoa noti mojamoja, anaanza kukwangua nyuzi kwa kasi, bendi nzima inapanda naye, na unapodhani wamefika juu wanapanda tena. Nimesikia magitaa mengi maishani. Pale bado nywele zinanisimama.

Tahadhari kwa wanaosikilizia simu: programu nyingine zinaweka kimya kifupi kati ya wimbo na wimbo. Hapo Scarlet inapoungana na Fire, kimya hicho kinaharibu kila kitu. Ingia kwenye mipangilio ukizime. Na tumia spika nzuri au hedifoni, maana spika ya simu haimtoi Lesh kabisa, na bila Lesh hujasikia bendi hii. Alisomea utunzi wa muziki kabla hajashika besi, na anaipiga kama mtu anayezungumza. Alifariki Oktoba 2024.

Anayependa taarabu ataniuliza kuhusu seti yao ya Misri, Rocking the Cradle, ya maonyesho ya Septemba 1978 kwenye piramidi za Giza. Ninayo pia. Kinachoifanya iwe na thamani ni Hamza El Din, bingwa wa udi kutoka Nubia, na Wanubi wenzake wakipiga matari na makofi, kisha bendi inajiunga taratibu juu ya mdundo wao. Dakika zile ni za pekee na ninazirudia. Mengine kwenye seti ile yanayumba: Kreutzmann alikuwa amevunjika kifundo cha mkono na piano haikuwa imetuniwa. Usianzie huko.

Wala usianzie na sanduku la CD 11 linalokusanya maonyesho manne ya wiki ileile ya Mei 1977, likiwemo hili. Kwa mgeni ni nyingi mno. Chukua hizi tatu kwanza, uzisikilize kwa mpangilio wake bila kuruka. Ukishazizoea, tafuta rekodi ya mji wa Buffalo ya Mei 9, usiku uliofuata, ambayo kwa sikio langu inaikaribia Cornell sana.