Gothic ya Paradise Lost: gita lililia mpaka mamangu akauliza

Hii albamu niko nayo kama mwezi sasa na kila usiku baada ya isha naiweka tena, na kwa vile hapa Mombasa sisi watu wa mziki wa metali twahesabika nimeona bora niandike, pengine kuna mwenzangu Kisauni ama Likoni anatafuta kitu kama hiki na hajui pa kuanzia.

Paradise Lost ni bendi ya jamaa wa Halifax, kaskazini mwa Uingereza, walianza 1988. Albamu yao ya kwanza, Lost Paradise ya 1990, ni deth metali tupu, yaani ile metali ya kunguruma, nzito, imekaa kama jiwe. Mwaka mmoja tu baadae, 1991, wakatoa Gothic. Watu ni walewale watano, lebo, yaani kampuni inayotoa rekodi zao, ni ileile ya Peaceville, lakini mziki umegeuka wallahi.

Sasa kilichogeuka ni nini, wengi watakwambia ni sauti ya kike na vile vinanda vya nyuma, na ni kweli vimo, lakini mimi nasema ni gita la Gregor Mackintosh. Kwenye ile ya kwanza gita lasukuma tu. Hapa limepewa kazi ya kuimba. Mwimbaji wao Nick Holmes bado ananguruma na maneno huyashiki vizuri bila kuyasoma, basi kilio chenyewe kimehamia kwa gita, sauti moja nyembamba ndefu yapanda yashuka taratibu huku gita la pili la Aaron Aedy limeshikilia uzito chini. Sisi tuliokulia taarabu hii kitu twaijua toka utotoni, mwimbaji akimaliza ubeti fidla yamjibu, na kuna siku ile fidla yakuchoma kuliko hata shairi lenyewe.

Mamangu ndo alinifungua macho. Hapendi hizi kelele kabisa, lakini usiku mmoja stima ilikuwa imepotea, joto, madirisha wazi, nimeweka Eternal, wimbo mmoja wa humu, kwa spika ndogo ya betri, akatoka jikoni akasimama mlangoni akaniuliza, "Mwanangu, hilo gita lalia, ana nini huyo?" Nikamwambia ni Waingereza mama. Akasema "Basi wamefiwa," akakaa kitako tukaiskiza mpaka mwisho. Sijasoma maelezo ya huu mziki yaliyo sawa kuliko hayo.

Wimbo wa kwanza, wenye jina la albamu, ndo utamskia Sarah Marrion, huyo mwenye ile sauti ya kike, sauti iko juu, safi, na ya Holmes iko chini yaunguruma, na uzuri ni kuwa hawabembelezani, kila mmoja ana msiba wake. Baadae bendi chungu nzima zikaja kujenga mziki wao wote juu ya hiyo, mwanamke juu mwanamume chini, mpaka ikachosha, lakini hapa bado ina baridi yake. Na jina la albamu likaja kuwa jina la aina nzima ya mziki, gothic metal.

Makosa yako. Rekodi ni nyembamba, ukitumia hedifoni za bei ya chini ngoma zagonga kama debe na besi yapotea. Vinanda vimezeeka, kuna mahali vyaskika vya plastiki. Huyo dada ametumiwa kidogo mno, nilitamani aimbe zaidi. Na nusu ya pili yashuka kidogo, kuna nyimbo mbili tatu hapo bado zina miguu kwa ile deth metali ya zamani, hazijaamua ziende wapi. Ila albamu nzima ni nyimbo 10 na haifiki dakika 40, kwa hivyo huchoki.

Nampa 8 na nusu kwa 10. Kama wewe ni mgeni usianze na wimbo wa kwanza, anza na Eternal, usiku, sauti juu, halafu ndo urudi mwanzo. Na kama una spika kubwa ya harusi kwa jirani, iombe. Ukishaizoea nenda kaiskize Lost Paradise hata kama hutaipenda, kisha siku hiyohiyo weka Eternal tena, hapo ndo utaskia hawa vijana walivuka mto gani kwa mwaka mmoja.