Filta ya wazi, ekzosi ya mlio na kichipu cha nguvu: nilivyozipima kwenye Probox hapa Malindi

Nina Toyota Probox ya gia za mkono, injini 1NZ-FE ya lita 1.5, ile ile inayokaa kwenye Probox nyingi za hapa pwani. Kiwandani ilitoka na nguvu za farasi zipatazo 109. Naibebesha bidhaa za duka kutoka mjini kwenda Mambrui na Gongoni, siku nyingine hadi Marereni kwenye mashamba ya chumvi, na msimu wa maembe inarudi na ngowe hadi dirishani. Kwa hiyo nguvu ya gari kwangu si ya kujionyesha. Nikiwa na mzigo nyuma ya lori la chumvi nataka kulipita upesi nirudi upande wangu wa barabara.

Wauza spea wana mengi ya kukuahidi. Nilichukua vitu vitatu vinavyosifiwa zaidi: filta ya hewa ya wazi, silensa ya mlio, na kile kichipu cha kuchomeka chini ya usukani. Nilivifunga kimoja kimoja, sikuvichanganya, na kila kimoja nikakipima kwa njia moja. Alfajiri kabla joto halijapanda, kipande kile kile cha lami ng'ambo ya daraja la Sabaki, gia ya tatu, kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, ndugu yangu ameketi kando na saa ya simu mkononi. Tukienda na kurudi, ili upepo wa bahari usitudanganye.

Lakini kabla ya yote nilipeleka gari kwa fundi wangu Maweni likafanyiwa sevisi kamili, na hapa naomba msomaji anielewe vizuri. Watu wengi hufunga kifaa kipya siku ile ile wanayobadilisha oili na plagi, kisha gari likiwa jepesi sifa zote zinakwenda kwa kifaa. Isitoshe, fundi akitoa waya wa betri, kompyuta ya gari husahau ilichojifunza na kuanza upya, na gari huweza kubadilika tabia kwa muda hata kama hujaongeza kitu.

Sevisi yenyewe ilikuwa somo. Fundi alipotoa bomba la hewa akaniita: "Kaka, njoo uone gari lako linavyopumua." Kile kipepeo kinachofunguka ukikanyaga mafuta kilikuwa na ukingo mweusi wa masizi pande zote, mzito, unaonata kidoleni. Sensa ya kupima hewa, ambayo kazi yake inafanywa na kiwaya chembamba mno, ilikuwa imevaa vumbi laini jekundu, lile la barabara ya Marafa. Vumbi likikaa pale kompyuta inadanganywa kuhusu hewa inayoingia, na hesabu ya mafuta inaharibika. Hesabu hiyo si ya kukisia: petroli huungua sawasawa kwa takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya mafuta. Plagi nazo zilikuwa zimelika hadi pengo la cheche limepanuka. Akasafisha kipepeo, akapuliza sensa kwa dawa yake maalumu (si petroli, si kitambaa), akaweka filta mpya ya karatasi na plagi za asili. Muda ukashuka kutoka zaidi ya sekunde 9 hadi chini kidogo ya 8. Bado sijafunga hata kifaa kimoja cha nguvu!

Sasa filta ya wazi, shilingi 4,500. Ni ile ya umbo la koni, inakaa tupu ndani ya boneti bila sanduku. Mlio wake ukikanyaga ni mtamu, sikatai. Muda? Haukushuka. Alfajiri ulikuwa ule ule, na mchana ukawa mbaya zaidi. Nikamwomba fundi achomeke skana yake tusome joto la hewa inayoingia kwenye injini. Tukiwa kwenye foleni ya tuktuk sokoni, saa saba mchana, filta ya wazi ilikuwa inavuta hewa ya nyuzi 55. Tukarudisha sanduku la kiwandani, tukasubiri pale pale jua lile lile: nyuzi 38. Sababu iko wazi. Sanduku la Toyota lina mdomo unaochukua hewa ya nje, mbali na injini, wakati koni inavuta hewa iliyokwisha kuchemshwa na redieta na injini yenyewe. Hewa ya moto imetawanyika, kwa hiyo kila mvuto unaingiza oksijeni kidogo. Kwa tofauti hiyo ya nyuzi 17, unapoteza karibu asilimia 5 ya hewa. Gari likishika kasi barabarani tofauti hupungua kwa sababu upepo unaingia ndani ya boneti, lakini katika joto la Malindi, ukitoka mjini au ukisimama kupakia, umelipa pesa ili kuinyima injini pumzi. Jambo lililonikera zaidi ni uchafu wa sensa. Nyingi ya filta hizi ni za pamba ya kupakwa mafuta, na mafuta yakizidi huenda kuganda kwenye ile sensa tuliyotoka kuisafisha.

Ekzosi sitaisemea sana. Nilifungiwa silensa ya wazi yenye bomba pana. Kule juu, injini ikilia kwa mizunguko mingi, labda kuna kitu kidogo. Huku chini, ambako mimi naishi na mzigo wangu, gari lilikuwa zito kuondoka. Injini ndogo isiyo na tabo (pampu ya kushindilia hewa ndani ya injini) inahitaji moshi utoke kwa kasi, na bomba likipanuka kupita kiasi kasi hiyo inapungua. Mzee jirani yangu alinivumilia, lakini mtoto mchanga nyumba ya pili hakuweza kulala, na Kenya tuna kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira, za kelele tangu mwaka 2009. Silensa ikatoka.

Ila kuna jambo moja la ekzosi lazima niliseme. Aliyenifungia, ambaye si fundi wangu wa kawaida, alitaka pia kukata katalisti, ile chupa ya kusafisha moshi, eti "inaziba pumzi". Na palepale akataka kuinunua. Ndani ya chupa hiyo mna platini, paladi na rodi, madini ya bei kubwa. Ukikatiwa, taa ya injini inaweza kuwaka, moshi unakuwa mchafu, na aliyefaidika hasa ni mnunuzi. Ikiwa imeziba kweli, ipimwe na ibadilishwe. Ikiwa nzima, iacheni.

Kichipu ndicho kilichonikasirisha. Shilingi 1,500, kina taa tatu zinazomwekamweka, na muuzaji anasema kitasoma mwendo wako kisha kipange upya kompyuta ya gari. Nilikiacha kijisomee kwa muda mrefu kuliko karatasi yake inavyotaka. Muda haukubadilika, mafuta hayakubadilika. Nikakipeleka kwa kijana wa kutengeneza simu, akakifungua kwa bisibisi ndogo mbele yangu. Ndani mlikuwa na ubao mdogo, kitufe, zile taa, na kidubwana kimoja cha kuziendesha. Nyaya zake ni za umeme wa kuwasha taa tu. Njia ambazo kompyuta ya gari hutumia kuwasiliana hazikuunganishwa na kitu chochote. Watu wa mshahara mdogo wananunua vitu hivi kwa jasho lao, na huo ni wizi. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepima vifaa zaidi ya 100 vinavyodai kupunguza ulaji wa mafuta, na halikupata hata kimoja kinachopunguza kwa kiasi cha maana.

Mbona basi kuna watu wanaapa kwamba gari lao limebadilika? Baadhi yao nimewaelewa. Wanafunga kifaa wakiwa Nairobi, wanateremka Desemba kuja kupumzika, wakifika Gede wanasema gari linaruka. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kila unapopanda mita 300. Akifika kwetu amerudishiwa kama asilimia 17 bure.

Kwa gari la tabo habari ni nyingine, na hapo sitaki kudharau kazi ya mafundi wa kweli. Binamu yangu ana Forester ya tabo ya lita 2. Kompyuta yake ilipangwa upya Mombasa, tabo ikaongezwa msukumo, na tofauti unaisikia mgongoni ukiwa gia ya pili. Injini yangu inategemea hewa inayoingia yenyewe, kwa hiyo hakuna programu ya kuiongezea hewa isiyokuwepo. Yake ina pampu ya kuishindilia, na kiwandani iliachiwa nafasi. Ongezeko la asilimia 10 hadi 20 kwa magari ya namna hiyo ni la kawaida. Lakini msukumo ukizidi na joto linazidi, mafuta huanza kulipuka kabla ya wakati wake, injini inagonga, na pistoni haivumilii hilo muda mrefu. Ndiyo maana alianza na redieta, mabomba na oili nzuri kabla ya kugusa programu, na sasa anajaza petroli ya oktani ya juu peke yake. Oktani hiyo kwenye Probox yangu haiongezi kitu, kwa kuwa kazi yake ni kuzuia kugonga.

Kwa hiyo muuzaji akikwambia kifaa chake kinaongeza nguvu za farasi 15, mwombe akuonyeshe vipimo vya kabla na baada: gari hilo hilo, mahali hapo hapo, joto lile lile, sevisi ikiwa imekwisha kufanywa. Mimi nimewauliza wauzaji wote watatu. Hakuna aliyekuwa navyo.