Rasi wa tenki la maji ya chumvi: nani wa kununua, na hiyo sura ya utotoni inayotuponza

Mwaka juzi nilinunua samaki mwekundu wa urefu wa kidole, ana mabaka meupe mgongoni yenye ukingo mweusi, mzuri mpaka nikaacha kuuliza maswali. Muuzaji akaniambia dada huyu ni rasi mdogo (rasi ni wale samaki wanaoitwa wrasse kwa Kiingereza), hakui zaidi ya hapo. Nikatoa elfu tisini. Kabla mwaka wa pili haujaisha wekundu ulishapotea wote, mwili umekuwa kahawia ya kijani, na kila asubuhi anapindua mawe yangu mpaka matumbawe yanaanguka. Kamba wawili aliwamaliza, konokono wakabaki maganda. Nilipotulia kumchunguza vizuri nikakuta ni Coris cuvieri, samaki anayekaribia sentimita 40, na tenki langu ni la lita 200.

Nilipolisimulia hili mlinijazia inbox, Mbezi, Kigamboni, Mikocheni, hadithi ni ileile. Kwa hiyo leo ya joto, chumvi na ukubwa wa pampu siyaongelei, mnayajua. Naongelea sura.

Rasi wengi wana sura mbili au tatu katika maisha yao. Mtoto ana rangi zake, jike ana zake, na wengi wao huanza maisha wakiwa majike halafu baadhi wanageuka madume na kuvaa rangi nyingine kabisa. Kwa hiyo picha aliyokuonyesha muuzaji kwenye simu inaweza kuwa ya samaki yuleyule kabisa na bado isifanane hata kidogo na aliyemo kwenye mfuko. Na hapa kwetu mtego ni mkubwa zaidi maana bahari yetu ina rasi kadhaa wa kundi la Coris: cuvieri niliyemsema, formosa ambaye utotoni wanafanana mno na anafika sentimita 60, na aygula, yule mtoto mweupe mwenye madoa mawili ya rangi ya chungwa mgongoni, ambaye ukubwani anaota nundu kichwani na anaweza kufika mita 1.2. Mita! Halafu mtu anauziwa aweke sebuleni.

Sasa orodha yangu.

Wa kwanza ni Halichoeres iridis, na sibadilishi. Mwili mwekundu uliokolea wa kahawia, kichwa cha njano chenye mistari ya buluu na kijani, na urefu wake unaishia kama sentimita 11. Mtoto ukimwangalia unamwona mkubwa wake, rangi zinakolea tu, hazikugeuki. Anataka mchanga laini wa kina cha sentimita tano hivi kwa sababu usiku anajizika, na siku za kwanza anaweza kukaa humo ukadhani amekufa, usimfukue. Mfunike kwa wavu, anaruka.

Wa pili Cirrhilabrus exquisitus. Mpole, hagusi matumbawe, usiku halali mchangani, anajifunika utando wa ute kwenye mawe. Ukiuziwa dogo lenye rangi hafifu usikate tamaa ila usilipe bei ya dume. Ndugu yake mmoja, Cirrhilabrus wakanda, alitambulishwa kwa sayansi mwaka 2019 kutoka miamba ya kina kirefu ya Zanzibar, yaani hapo ng'ambo tu, mimi nikimfikiria huyo samaki nafarijika sana na bahari yetu.

Wa tatu Pseudocheilinus hexataenia, mwenye mistari sita. Kumtambua ni rahisi kuliko wote, mistari ya zambarau na chungwa tangu mdogo, anakula minyoo bapa inayosumbua. Ila ni mkorofi, aingie mwisho baada ya wenzake wote kuzoea.

Macropharyngodon bipartitus namweka chini japo ndiye mrembo wao, kwa sababu anakula wadudu wadogo wa kwenye mawe na tenki changa halina, anakonda mbele ya macho yako. Mimi rasi wote nawalisha mysis, vijikamba vidogo vilivyogandishwa, vya chapa ya Hikari, chapa nyingine nilijaribu zikaja zimevunjikavunjika na maji yakachafuka, nimerudi Hikari na sitoki. Umeme ukikatika muda mrefu chakula hicho nakihamishia kwenye kontena lenye barafu.

Anayesafisha wenzake, Labroides dimidiatus, wengi hufa njaa. Na hakikisha ndiye: mdomo wake uko mbele kabisa ya pua, kama mdomo uko chini ya pua kama wa papa huyo ni Aspidontus, samaki mwingine anayemwiga, anang'ata mapezi.

Rasi wa bei rahisi, wa kundi la Thalassoma, wanakua na wanapiga wenzao. Achana nao.

Kinachoniuma ni bei. Iridis yuko kwenye bahari hii hii ya Afrika Mashariki lakini dukani unaambiwa ameshuka na ndege, ndiyo maana laki mbili. Ukiuliza kavuliwa wapi, kimya. Ukiuliza jina la kisayansi, unaambiwa "rasi mwekundu". Mimi sasa bila jina la kisayansi lililoandikwa kwenye risiti silipi, na nikisikia harufu ya kuvuliwa kwenye visiwa vya Mbudya au Bongoyo naondoka, pale ni hifadhi tangu 1975, si duka la mtu. Cuvieri wangu nilipotaka kumrudisha muuzaji alinipa elfu kumi. Nilikataa, nikampeleka kwa jamaa mmoja wa Kunduchi mwenye tenki la lita 1,500, na sasa ana mkia wa kijani na anakula kaa mkononi mwake.