Mtumbwi wa kafi kwenye mafunjo ya Dunga, Kisumu

Ukifika ufuo wa Dunga, kusini kidogo mwa mji wa Kisumu, utaonyeshwa kwanza mashua ya injini. Kataa kwa upole, uulizie mtumbwi wa kafi. Injini ni ya kutazama machweo ziwani. Kwenye vichochoro vya mafunjo haifai: mizizi ya gugumaji hujisokota kwenye rafadha mpaka mashine izime, na kelele yake humnyamazisha ndege uliyemfuata.

Ndege huyo, aitwaye kwa Kiingereza papyrus gonolek, ana utosi wa manjano, kifua chekundu cha damu na mgongo mweusi, na makao yake ni mafunjo tu. Husikika kabla ya kuonekana. Mwongozaji mzuri huweka kafi chini, akanyamaza, akakuelekeza kwenye shina moja linalotikisika ilhali hakuna upepo. Kwa hilo pekee huduma hii inastahili pesa yake.

Ondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kuanzia adhuhuri upepo huvuma kutoka ziwani kuja Kisumu, ukisukuma gugumaji mpaka ufuoni. Kichochoro mlichoingilia kikiwa wazi mtakikuta kimezibwa, na kupasua zulia lile kwa kafi ni kazi ya kutoa jasho.

Kasoro ipo kwenye vifaa. Mitumbwi ni ya mbao, na maji huingia kidogo kwenye maungio. Hilo ni kawaida, mradi kopo la kutolea maji limo ndani. Kama halimo, usipande. Jaketi la kuokolea maisha lifunge vifungo vyote, kisha mwenzako alivute juu mabegani: likifika masikioni ni kubwa mno, omba jingine. Mara nyingi ya watoto hayatoshi, kwa hiyo yahakikishe siku moja kabla.

Viboko hurudi majini alfajiri baada ya kula nyasi usiku. Nahodha anayejua kazi hakai kati ya kiboko na maji ya kina. Akimwona, husimama mbali na kumwachia njia. Anayekusogeza karibu ili upige picha, mwambie ageuze.

Usitumbukize miguu majini, kwa sababu konokono wa maji tulivu hubeba kichocho. Saa mbili zinatosha. Bei ipatane mkiwa bado nchi kavu, na muulize waziwazi: ni ya mtumbwi mzima au ya kila kichwa?