Gari ya fowili na hela ndogo: ununue nini kwanza ukiishi Mtwara au Lindi

Kila mwaka minada ya korosho ikianza na watu wakaanza kushika hela simu yangu haitulii, huyu ana Escudo, yule ana Prado ya zamani, mwingine kachukua Hilux ya mkononi, wote wanauliza waongeze nini ili gari ipite popote, na ukiwasikiliza vizuri wengi wameshaona picha ya gari yenye bampa ya chuma, mkonga ubavuni (lile bomba la injini kuvutia hewa juu) na taa nane juu ya keria. Mi nawaambia hivi, hela ikiwa ndogo ianzie chini pale gari inapokanyaga ardhi, halafu ipande juu taratibu. Ukiianzia juu itaishia huko huko juu na gari utaiacha kwenye mchanga wa Msimbati.

Bei sitaandika maana zinapanda na kushuka, na bei ya duka la Mtwara mjini sio ya Kariakoo, ntakuwa nalinganisha tu.

Ila kabla hujatoa hata mia, hakikisha fowili yenyewe, yaani tairi zote nne kuvuta, inafanya kazi. Nimeona gari kibao taa ya 4WD inawaka kwenye dashibodi lakini tairi za mbele hazivuti kitu. Nenda sehemu ya mchanga, weka 4H, ile fowili ya mwendo wa kawaida, mwambie mtu asimame pembeni aangalie tairi za mbele wakati unaondoka, zinatupa mchanga au zinasukumwa tu? Gari za zamani zenye kufuli kwenye habu za mbele ushuke uzizungushe kwa mkono hadi LOCK, wengi wanasahau. Na kama gari yako ni ile ya kuweka fowili kwa gia usiitumie kwenye lami kavu, tairi za mbele na za nyuma hazitembei sawa kwenye kona kwa hiyo nguvu inajikunja ndani ya shafti na gia mpaka kitu kikatike. Wenye RAV4 mjue gari yenu haina gia ya low, ile ya mwendo mdogo na nguvu nyingi, ni nzuri kwenye vumbi na tope la kawaida ila usiipeleke sehemu unayoona Land Cruiser inahangaika.

Namba moja kwenye orodha yangu ni kipimo cha upepo na kompresa, ile pampu ya umeme ya kujaza tairi. Najua hakuna anayepiga picha na kompresa, lakini hamna kitu kingine cha bei hiyo kinachobadilisha gari kiasi hicho.

Mwaka wa kwanza nina Escudo nilishuka Msimbati Jumapili na familia, nikatoka kwenye njia ngumu nikaingia ule mchanga mweupe wa ufukweni, gari ikazama, nikakanyaga mafuta ikazidi kuzama mpaka chini inalala. Akaja mzee mmoja anatoka baharini na samaki wake, shikamoo babu, marahaba mwanangu, akainama akaziangalia tairi akaniambia "Toa upepo mwanangu, hapo unachimba kisima." Tukatoa upepo kwa kijiti tunakisia tu, tukafukua mchanga kwa mikono, gari ikatoka polepole kama haijawahi kukwama. Shida ikawa kurudi, tairi zimelegea na pampu sina, nikatambaa hivyo hivyo mpaka mjini na tairi moja ya nyuma ikafa ubavu kwa joto. Ile tairi ingeninunulia kompresa.

Sababu ni nyepesi, ukitembea ufukweni na viatu vya kisigino unazama, ukivua unatembea, na tairi iliyotolewa upepo inalala inakuwa na unyayo mrefu. Barabarani gari nyingi hizi zinatembelea upepo wa psi 30 mpaka 35 (psi ndo namba unayoisoma kwenye kipimo), mchanga laini shusha mpaka 18 au 20, ukiwa umekwama kweli kweli unaweza kushuka 15 ila hapo usikate kona kali wala usikimbie maana tairi inaweza kuchomoka kwenye ringi. Barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati weka 25 hivi, utaona hata meno yanaacha kugongana. Ukifika lami ujaze, sio kesho, pale pale.

Kompresa chagua ile inayobana moja kwa moja kwenye betri na koleo zake mbili, injini ikiwa inanguruma. Zile ndogo za kuchomeka pale pa kuwashia sigara zinatosha tairi ya gari ndogo ya saluni, ya Prado zitachemka na kama zinavuta umeme mwingi zitaunguza fyuzi. Kipimo nunua cha peke yake maana kile kilichokuja na kompresa mara nyingi kinadanganya. Hela haipo kabisa? Pampu ya mguu na kipimo, utatoka jasho ila utarudi nyumbani.

Namba mbili ni tairi na hapa ndo hela nyingi itaenda, kwa hiyo tusikimbie.

Kuna tairi za lami, kuna AT za kuchanganya, na kuna MT zenye meno makubwa za tope. Vijana wanapenda MT kwa muonekano, na kwa kweli kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaonata kama ugali wa moto ukienda pande za Liwale mvua zikikolea, MT inashinda maana mapengo yake ni makubwa inatema tope. Lakini jiulize mwaka mzima unatembea wapi. Kama ni mjini, lami ya Lindi, mchanga mwekundu wa Tandahimba na Newala na ufukweni wikiendi, chukua AT. MT kwenye mchanga inachimba, kwenye lami inapiga kelele, inakula mafuta zaidi na kwenye lami yenye maji haishiki vizuri. Kwangu mimi AT ndo tairi ya kusini, MT awe nayo anayelala porini miezi.

Saizi usiende mbali na ile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Tairi kubwa kidogo sawa, ila jua inagusa wapi ukikata usukani mpaka mwisho na spidi ya dashibodi itakuwa inasoma pungufu. Halafu zote nne ziwe sawa saizi na zimelika sawa, hasa gari za fowili ya muda wote, ukichanganya mbili mpya na mbili zilizoisha difu ya katikati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, inafanya kazi bila kupumzika na bei yake ukiisikia utakaa chini.

Tairi za mtumba sikatai, wengi wetu ndo tunaanzia hapo. Soma ubavuni kwenye maandishi ya DOT, tarakimu 4 za mwisho ni wiki na mwaka, 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Jua la pwani linakausha mpira, tairi inaweza kuwa na meno mazuri kumbe imeshakuwa ngumu kama mbao, ikunje kwa mikono uangalie mipasuko midogo kati ya meno na ubavuni, ukiiona iache. Na tairi za kuchongwa, zile fundi anazichimbia meno upya kwa kisu cha moto, tafadhali usiziweke kwenye gari inayobeba watoto wako. Anachonga kwenye nyama iliyobaki kulinda nyuzi, halafu wewe unaenda kuitoa upepo na kuipitisha kwenye visiki vya mikorosho. Na spea iwe ya ukweli, saizi ile ile.

Namba tatu ni vitu vya kujinasua, kamba, shakeli mbili (zile pingu za chuma za kuungia kamba na gari), beleshi na magunia. Magunia ndiyo, yale ya juti ya korosho. Watu wananunua zile mbao za plastiki za rangi za kuweka chini ya tairi na ni nzuri sana sina ubaya nazo, lakini gunia la juti lililoloweshwa kidogo, limekunjwa mara mbili, likatangulizwa mbele ya tairi baada ya kufukua mchanga, linafanya kazi ambayo mi nimeshaiona mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Makumbi ya nazi na makuti pia yanasaidia ukiwa ufukweni. Ila fukua kwanza, mbele ya tairi zote nne na chini ya tumbo la gari, beleshi ndo linalokutoa, gunia linamalizia tu.

Kamba tafuta ya nailoni ile pana inayonyumbulika, uzito wake wa kukatikia uwe mara mbili mpaka tatu ya uzito wa gari. Mnyororo hapana, haunyumbuliki, ukivuta kwa kushtua kitu lazima kiachie. Shakeli ziwe zile zenye maandishi yaliyogongwa kwenye chuma, tani 4.75 inatosha kwa gari zetu hizi. Na jamani naomba hili mlishike, usifunge kamba kwenye kile kichwa cha mviringo cha kuvutia trela. Hakikutengenezwa kuvutwa kwa kushtua, kikikatika kinaruka kama risasi na watu wameshakufa hivyo, sehemu nyingi tu duniani. Funga kwenye ndoano iliyobanwa kwenye chesisi, tupia gunia bichi katikati ya kamba ili ikikatika iangukie chini, na watoto wote wanaokuja kuangalia wakae mbali kuliko urefu wa kamba. Huku kwetu gari ikikwama kijiji kizima kinakuja, hiyo ni baraka ila na wewe una kazi ya kuwalinda.

Namba nne watu wengi hawaijui kabisa na ndo rahisi kuliko zote, mipira ya kupumulia ya difu. Kila difu ina kitundu juu chenye kikofia, kazi yake kutoa hewa difu ikipata joto. Umetoka mbali difu imechemka, unaingia kwenye mto, difu inapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa, na kama kitundu kimeziba au kimezama difu inavuta maji, hata kupitia kwenye sili. Hutajua siku hiyo. Utajua baada ya miezi ikianza kulia, ukifungua oili imekuwa kama chai ya maziwa. Dawa yake ni mita chache za mpira wa mafuta, klipu, na fundi anayeelewa, unauunga ule mpira pale kwenye kitundu unaupandisha juu mpaka kwenye boneti, na wa nyuma unaufunga juu karibu na mdomo wa tenki. Gia boksi nayo kama ina chake vivyo hivyo. Gharama yake haifiki chakula cha mchana cha watu wanne.

Namba tano, bamba la kukinga sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Hapa usiagize kitu nje, mchomeleaji wa mtaani anaweza, chuma cha milimita 3 au 4, kizito zaidi ya hapo unaumiza springi za mbele. Mwambie aweke tundu la kufungulia oili na matundu ya hewa, na kifungwe kwa nati kwenye chesisi, kisichomelewe, maana kuna siku utataka kukitoa. Akichomelea chochote kwenye gari atoe kwanza waya za betri, umeme wa mashine ya kuchomelea unaua kompyuta ya gari. Njia za kwenda Tendaguru, kule mifupa ya yule mjusi mkubwa ilikobebwa kwa vichwa na mabega mpaka Lindi kati ya 1909 na 1913, zina visiki na mawe, kisiki kimoja kwenye sampu safari imeisha.

Baada ya hapo ndo tuongee kunyanyua gari. Springi na shokapu nzuri zinasaidia hasa kama zako zimechoka, anza na kurudisha zilivyokuwa mpya, utashangaa gari inavyonyanyuka yenyewe. Ukitaka zaidi, inchi 2 basi. Watu hawajui kwamba kwenye gari yenye ekseli ya chuma moja kunyanyua springi hakunyanyui difu, difu inakaa katikati ya tairi pale pale, inapanda tu ukiongeza ukubwa wa tairi na inapanda nusu, tairi ikiongezeka sentimita 5 difu imepanda 2.5. Na zile spesa za kuchonga gereji juu ya springi zinakunja sivi joint, vile viungo vya kuzungusha tairi za mbele, mpaka zinapasuka mipira, mi siziweki.

Mkonga? Unazuia injini isimeze maji, na injini ikimeza maji ni msiba kwa sababu maji hayabaniki kama hewa, pistoni inapanda inakutana nayo, konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, inapinda. Lakini ukiwa na mkonga na difu hazina mipira, umeme haujakingwa, na wewe hujui kina cha mto, umenunua nusu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita na mvua zikakata barabara ya Dar pale Somanga, mkonga haukuwa na kazi, barabara yenyewe ilikuwa imeondoka. Vua viatu utembee mtoni kwanza, maji yakizidi goti kwa Escudo rudi. Mkonga ukija kuununua fundi azibe kila kiungo na silikoni, mkonga wenye tundu chini ya boneti ni pambo.

Winchi, ile mashine ya gari kujivuta kwa waya, nzuri iwe na nguvu mara moja na nusu ya uzito wa gari ikiwa imepakia, kwa Prado ni kama pauni 9,000 na kuendelea, na ina uzito wake, inataka bampa, inataka betri yenye afya. Kwa hela yote hiyo mtu wa bajeti atapata tairi mbili au zaidi. Ile ya kuvuta kwa mkono inafaa, mwendo wa kobe lakini inavuta, na ukiifunga kwenye mkorosho weka mkanda mpana usichubue gome, halafu mtafute mwenye shamba umwombe.

Taa za juu na keria viache mwisho kabisa.

Na ukitoka Msimbati au Kilwa au ufukwe wowote, jioni ile ile osha chini ya gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi, chesisi yote na ndani ya ringi. Magunia yaanike yakauke kabla hujayarudisha kwenye buti, yakikaa na maji ya chumvi yanaoza na kutoboa bati.