Warsha ya Utunzaji wa Kumbukumbu kwa Mkataba na Mshauri wa Kujitegemea: Tathmini ya Huduma

Idara yetu ilihitaji warsha kuhusu utunzaji wa kumbukumbu za ofisi, na badala ya kuiendea kampuni ya mafunzo, kazi hiyo ilipewa mshauri wa kujitegemea kwa mkataba wa maandishi uliosainiwa kabla tarehe ya warsha haijatangazwa. Huduma tuliyoipata ilikuwa nzuri sana, na kwa maoni yangu sehemu kubwa ya uzuri huo ilitokana na namna mkataba wenyewe ulivyoandikwa.

Hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi inayotakiwa, zilikuwa fupi, lakini zilieleza washiriki ni akina nani, wana ujuzi gani, na kila mmoja awe anaweza kufanya nini ifikapo jioni ya siku ya mwisho. Zilitaka pia walau nusu ya muda itumike kwa mazoezi. Sharti hilo la mazoezi ndilo lililoibeba warsha. Mshauri aliomba majalada halisi ya masijala yetu, yasiyo ya siri, akayachanganya mezani, kisha akawataka washiriki wayapange upya, wayape namba na kuamua lipi liendelee kutunzwa na lipi limefikia muda wa kuteketezwa. Ulizuka ubishi mkali juu ya barua moja iliyokuwa na nakala katika majalada matatu, na kwa kuutatua ubishi huo watu walijifunza zaidi ya ambavyo wangejifunza kwa kutazama slaidi asubuhi nzima.

Ninakipongeza pia kifungu kilichomtaka mshauri afundishe yeye mwenyewe, asitume mtu mwingine bila ridhaa yetu ya maandishi. Wapo wanaopata kazi kwa wasifu wa mtaalamu mmoja, kisha siku ya warsha akaja mwingine asiyeijua hata orodha ya mada. Hilo halikutupata. Kuhusu mbinu za kufundishia, mkataba ulimwachia uhuru kamili, na kodi ya mapato yake ilibaki kuwa jukumu lake, kama inavyostahili kwa mtu asiye mwajiriwa.

Suala la vitini linahitaji uangalifu kuliko yote, kwa kuwa ndilo ambalo waagizaji wengi hulisahau. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao ni mkataba wa kimataifa wa kulinda kazi za watunzi, haki ya mtunzi haitegemei usajili wowote, na kulipia kazi peke yake si lazima kumfanye mlipaji kuwa mmiliki wake. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mchongaji James Earl Reid, aliyetengeneza sanamu kwa agizo la shirika la Community for Creative Non-Violence, alikuwa mkandarasi huru wala si mwajiriwa; miongoni mwa yaliyozingatiwa ni kwamba alitumia zana zake na kufanya kazi katika karakana yake. Kwa hiyo shirika hilo halikuweza kudai umiliki kwa hoja kwamba Reid alikuwa mfanyakazi wake. Mkataba wetu ulimwachia mshauri hakimiliki ya vitini, nasi tukapewa ruhusa ya kuvinakili kwa matumizi ya ndani bila kikomo cha muda. Naona huo ni mgawanyo wa haki: yeye anaishi kwa kazi hiyo, na sisi tunapokea watumishi wapya kila mara.

Malipo yaligawanywa, na sehemu ya mwisho ilizuiwa mpaka ripoti ya warsha ipokelewe. Ripoti ilichelewa, ingawa ilipofika ilikuwa na mapendekezo yanayotekelezeka, yenye kutaja kasoro za masijala yetu moja kwa moja bila kutuonea haya.

Dosari kubwa ipo katika kifungu cha kuahirisha. Kilimbana mshauri kwa kila namna, ilhali idara ingeweza kufuta warsha hata usiku wa kuamkia siku yenyewe bila kulipa chochote. Mtu aliyekataa kazi nyingine ili atutengee siku zake hastahili masharti ya namna hiyo. Nitampendekeza mshauri huyu tena bila kusita, na nimeiomba ofisi ya ununuzi iongeze katika mkataba ujao muda wa notisi unaozibana pande zote mbili, fidia kwa maandalizi yaliyokwisha kufanyika, na tarehe mahususi ya kuwasilisha ripoti.